Kura Siyo Qur'a

Jumatano ilikuwa siku kubwa katika nyumba ya Bi Wadha. Jumatano ndiyo siku ya soko la wanawake hapa Ibra, huku Uarabuni. Wanaume hawaingii. Wanawake huuza nguo, udi, hina na vyombo, na hupeana habari za mji mzima kabla ya adhuhuri.

Bi Wadha alikuwa na miaka sitini na sita. Alizaliwa Unguja, akaja Ibra na mumewe miaka thelathini iliyopita. Mumewe alikwisha kufariki. Sasa alikaa na mwanawe Khalaf, karani wa baladia, yaani manispaa. Walikuwapo pia Nada, mke wa Khalaf, na Yaqeen, binti yao, aliyekuwa akisoma chuo. Yaqeen alikuwa ametimiza miaka ishirini na moja mwezi uliopita tu.

Katika nyumba hii lugha zilikuwa mbili na nusu. Bi Wadha alisema Kiswahili cha Unguja, kile cha zamani. Khalaf alichanganya Kiswahili na Kiarabu. Nada alizaliwa hapa hapa Ibra. Kiswahili alikisikia vizuri lakini alijibu kwa Kiarabu. Yaqeen ndiye aliyekuwa ile nusu. Kiswahili chake alikiokota jikoni kwa bibi yake, na neno alilolikosa alilibuni. Watu walielewana, kwa sababu walipendana. Lakini siku moja ya mwaka 2003 hawakuelewana hata kidogo, na hiyo ndiyo siku ninayotaka kuwahadithia.

Asubuhi ile Bi Wadha alikuwa jikoni anakaanga mandazi ya kupeleka sokoni. Simu ikalia. Alikuwa rafiki yake Fawziya, anayekaa Nizwa.

"Wadha! Umeshajiandikisha kura?"

"Kura gani, Fawziya?"

"Wee mtu uko dunia gani? Kura ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Shura! Zamani walikuwa wakichaguliwa watu maalumu wa kupiga kura. Mwaka huu ni kila raia aliyetimia miaka ishirini na moja. Wanawake na wanaume, sote! Na kujiandikisha mwisho leo, saa nane mchana."

Bi Wadha aliacha mandazi yaungue. Jambo hilo halijapata kutokea tangu aolewe.

"Yaqeen!" aliita. "Yaqeen, njoo mbio! Mpigie simu baba yako. Mwambie aje upesi, tukajiandikishe kura. Mwisho leo, saa nane!"

Yaqeen alikodoa macho. Kwa Kiarabu, kura ni mpira.

"Bibi, wewe utapiga kura? Mpira? Na magoti yako hii?"

"Mpira wa nini, mtoto wewe! Kura! Unakwenda ofisini, unaandikisha jina lako. Kisha majina yanatoka, tunajua nani kapata!"

"Aaa!" alisema Yaqeen. "Nimefahamu, Bibi, nimefahamu."

Hakufahamu. Kuna neno jingine la Kiarabu, qur'a. Maana yake ni kutia majina chomboni na kutoa moja kwa bahati. Viwanja vya kujengea nyumba hutolewa kwa qur'a. Baba yake alikuwa akingoja kiwanja mwaka wa sita sasa.

Yaqeen alipiga simu baladia. "Baba! Bibi kasikia kuna qur'a! Mwisho leo, saa nane!"

Khalaf hakuuliza swali la pili. Aliomba ruhusa kazini, akaingia garini, akafika nyumbani huku amevaa kiatu kimoja vibaya. Akaufungua mkoba wa karatasi na kutia kila kitu: pasi, vyeti vya kuzaliwa, bitaka, yaani vitambulisho vya uraia, vya watu wote wanne. Alitia hata cheti cha chanjo cha Yaqeen.

"Chanjo ya nini?" aliuliza Nada.

"Huwezi kujua watauliza nini," alisema Khalaf. "Yalla, Mama, twende. Na wewe ni mjane. Huenda na wewe ukapata."

"Bila shaka na mimi!" alisema Bi Wadha, ameshavaa. "Hasa mimi!"

Waliwashusha Nada na Yaqeen sokoni na chano cha mandazi. Mama na mwana wakaendelea. Khalaf alikuwa na furaha, anapiga vidole kwenye usukani.

"Inshallah tukipata safari hii, Mama, nitakujengea chumba chako peke yako. Na baraza mbele."

Bi Wadha alimtazama mwanawe. Kura gani hii inayompa mtu chumba na baraza? Kisha akaona amefahamu. Hizo ni ahadi za wagombea.

"Usiwaamini sana hao, mwanangu," alimwambia. "Watu wakitaka kitu huahidi mengi."

"La, Mama, hawa ni serikali."

"Basi tena," alisema Bi Wadha.

Ofisi ya viwanja ilikuwa na foleni. Walingoja zaidi ya saa nzima. Walipofika dirishani, karani kijana aliwasalimia kwa adabu na kumsikiliza Khalaf mpaka mwisho.

"Ammi, leo hakuna qur'a," alisema karani. "Wala wiki hii hakuna. Nani kakwambia?"

Khalaf akamgeukia mama yake. "Mama, si wewe uliyesema kuna qur'a?"

"Mimi?" alisema Bi Wadha. "Mimi nimesema kura! Kura ya kuchagua mjumbe wa Shura! Hapa umenileta wapi?"

"Kwenye viwanja!"

"Viwanja vya nini? Mimi nimekwambia nataka kiwanja?"

Katika foleni walikuwamo watu wanaojua Kiswahili, na hawakosekani hapa Ibra. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja akamfasiria karani, na karani naye akacheka. Kisha akaangalia saa yake.

"Wanaoandikisha wapiga kura wako kwa wali," alisema. "Mnazo saa mbili tu. Foleni yao ni ndefu kuliko yetu."

Wali ndiye mkuu wa wilaya, na ofisi yake haikuwa mbali. Lakini Khalaf alitoka nje amenuna. Jua lilikuwa kali, na kiwanja chake kilikuwa kimeyeyuka mbele ya macho yake.

"Turudi nyumbani, Mama," alisema. "Kura zitakuja tena mwaka mwengine. Mimi nina kazi."

Bi Wadha hakuingia garini. Alisimama kivulini, mkono ameuweka juu ya mlango wa gari.

"Khalaf, nisikilize. Mwaka sitini na moja, Unguja, nilikuwa na miaka ishirini na nne. Nilijiandikisha kupiga kura. Karatasi yangu niliitia ndani ya msahafu isikunjike. Siku ya kura nikaamka mapema, nikavaa buibui langu. Babu yako akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Akasema, leo hatoki mtu, nje kuna fujo. Na kweli fujo ilikuwapo, watu walikufa siku ile. Simlaumu. Lakini nilikaa nyuma ya mlango mpaka magharibi, na buibui langu mwilini. Na mara iliyofuata pia hakuniruhusu. Sijapata kupiga kura mpaka leo. Nataka kupiga mara moja kabla sijafa. Mara moja tu."

Khalaf hakuwa amepata kuisikia habari hii. Alimwona mama yake kama msichana aliyekaa nyuma ya mlango, akaona haya.

"Panda, Mama," alisema. "Tunakwenda kwa wali."

"Kwanza tunapita sokoni. Yaqeen katimia miaka yake. Na Nada pia. Hawaachwi."

Sokoni Khalaf alizuiwa, maana mwanamme haingii. Akabaki nje anatazama saa. Bi Wadha aliingia mwenyewe, na hakuingia kimya. Alipita baina ya vibanda akitangaza kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kwamba kujiandikisha ni leo na mwisho saa nane. Wauzaji walianza kufunga vitu vyao. Alipotoka, nyuma yake hawakuwa wawili. Walikuwa watano. Waliingia wote katika gari ya Khalaf, na chano cha mandazi kikakaa juu ya magoti ya Yaqeen.

"Yaqeen," alisema Khalaf, "kura siyo qur'a."

"Sasa najua, Baba. Na si mpira pia."

Kwa wali wanawake walikuwa na meza yao. Aliyekaa mezani alikuwa Bi Radhia, jirani wa mtaa wa pili. Radhia alikuwa mwalimu wa darasa la watu wazima, lile la kuwafundisha kusoma na kuandika. Familia yake ilitoka Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Shikamoo, Bi Wadha."

"Marahaba, mwalimu. Tumechelewa?"

"Bado dakika arobaini. Mna bitaka zenu?"

Sasa tazameni mambo. Watu wengi siku ile walirudishwa nyumbani kwa sababu wamesahau vitambulisho. Khalaf alikuwa na karatasi zote za ukoo mzima ndani ya mkoba, kwa ajili ya kiwanja. Akatoa bitaka moja baada ya nyingine. Akatoa na cheti cha chanjo.

"Hiki hatukihitaji," alisema Radhia. "Fomu zenu hizi. Jazeni wakati mnangoja zamu."

Khalaf alikwenda kujiandikisha upande wa wanaume, akarudi haraka. Akasimama karibu na meza, anawangoja. Bado alikuwa na donge lake.

"Mwalimu, wallah nikuulize. Kuna tofauti gani? Huku wanatia karatasi kisandukuni, kule wanatia karatasi kisandukuni. Huku linatoka jina, kule linatoka jina. Kwangu mimi yote ni bahati."

"Hapana, Bwana Khalaf. Katika qur'a mtu anafumba macho na kutoa karatasi moja. Nyingine zote hazisomwi. Katika kura, kila karatasi inafunguliwa, kila moja inasomwa, kila moja inahesabiwa. Qur'a haijali wewe unamtaka nani. Kura ni kuulizwa wewe: unamtaka nani?"

Khalaf alikuna ndevu. Nada akasema kitu kwa Kiarabu na wanawake wote wakacheka. Alisema kwamba tangu aolewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kutaka kumuuliza.

Bi Wadha naye alikuwa na lake. "Mwalimu, mimi nina jambo linanisumbua miaka arubaini. Kule Unguja, mara ya mwisho, mwaka sitini na tatu, upande mmoja ulipata kura nyingi zaidi. Upande wa pili ukapata viti vingi zaidi. Watu wakakasirika sana. Mimi sijafahamu mpaka leo. Vipi mtu anapata kura nyingi, viti vichache? Aliiba nani?"

"Si lazima mtu aibe," alisema Radhia. "Wakati mwingine ni namna ya kuhesabu."

Mezani palikuwa na kahawa na sahani ya tende. Radhia aliisogeza sahani. Akapanga tende kumi kwa mstari.

"Tuseme nchi ina majimbo kumi, kila jimbo lina kiti kimoja. Tende ni viti. Kuna pande mbili. Upande wa kwanza unashinda majimbo sita, lakini kila jimbo unashinda kwa kura chache tu, chupuchupu. Upande wa pili unashinda majimbo manne, na huko unapata karibu kura zote. Ukijumlisha kura za nchi nzima, nani ana nyingi?"

Yaqeen alihesabu kwa vidole. "Upande wa pili!"

"Na nani ana viti vingi?"

"Upande wa kwanza. Ana sita."

"Ndiyo hiyo, Bi Wadha. Kila tende inakwenda nzima nzima kwa aliyeshinda jimbo. Kura za aliyeshindwa hazipati kitu."

Bi Wadha alizihesabu tende kwa kidole, moja moja. "Kumbe," alisema polepole. "Kumbe ndiyo hivyo. Na hakuna njia nyengine?"

"Ipo. Nchi nyingine wanagawa viti kwa uwiano wa kura. Maana yake, viti vinafuata kura. Chama kimepata nusu ya kura, kinapata nusu ya viti, yaani tende tano. Kimepata kura tatu katika kila kumi, tende tatu. Na kile chama kidogo kilichopata mbili, tende mbili. Kila mmoja anaonja. Binti wa dada yangu anakaa Skotlandi. Wao wana bunge lao wenyewe, na wamechagua mwaka huu huu. Anasema alipewa karatasi mbili. Moja ya kumchagua mtu wa mahali pake. Ya pili ya kuchagua chama. Kisha chama kilichopunjwa katika viti vya mahali huongezewa viti vya orodha, mpaka viti vikaribiane na kura."

"Karatasi mbili!" alisema Bi Wadha. "Mimi sijapata hata moja."

"Utapata, Bi Wadha. Na huku kwetu je? Huku hakuna vyama. Kila wilaya inachagua mtu wake. Wilaya yenye watu zaidi ya elfu thelathini inapata wajumbe wawili, kwa sababu wingi wa watu nao unatazamwa. Wilaya ndogo inapata mmoja. Sisi Ibra ni mmoja."

"Basi na huku aliyeshindwa hapati hata tende," alisema Khalaf.

"Kiti hapati. Ndiyo maana aliyeshinda si wa waliompa tu. Akikaa pale anakaa kwa niaba ya Ibra nzima."

Wakati anaeleza, mmoja wa wanawake wa sokoni alikwisha kula jimbo la tatu na la nne. Radhia akacheka, akagawa majimbo yaliyobaki. Saa nane kasorobo Bi Wadha aliweka sahihi yake. Aliandika jina lake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, herufi baada ya herufi, ulimi nje. Alipomaliza alilitazama, akalisoma kwa sauti.

Njiani kurudi, Khalaf alikuwa amechangamka tena.

"Sasa, Mama, mambo mepesi. Ukoo umeshakubaliana. Sote tunampa kura Amur. Na wewe Nada, na wewe Yaqeen. Amur."

"Kakubaliana nani?" aliuliza Bi Wadha.

"Wazee. Wamekaa wiki iliyopita."

"Mimi nina miaka sitini na sita. Kama mimi si mzee, mzee nani? Sikuulizwa."

Khalaf akabadilisha gia. Nyuma, wanawake wa sokoni walivuta mitandio yao midomoni ili asiwaone wanacheka.

Miezi ikapita. Bi Wadha alianza kwenda katika darasa la Radhia, mara mbili kwa wiki, na akawa mwanafunzi mwenye maswali mengi kuliko wote. Hapo alijifunza mambo aliyowarudishia watu wa nyumbani kila siku wakati wa chakula, watake wasitake. Alijifunza kwamba kila mtu ana kura moja tu. Kwamba kura ni siri, na hakuna mume wala mwana wala mkubwa wa ukoo mwenye haki ya kumuuliza mtu amempa nani. Kwamba mtu akileta zawadi ili apewe kura, zawadi hiyo haipokelewi kwa shukrani, inakataliwa mlangoni.

"Na nikiwa sijui kusoma vizuri?" aliuliza mwanamke mmoja darasani.

"Mwombe msimamizi akusaidie," alisema Radhia. "Usibahatishe. Ukibahatisha, umerudi kwenye qur'a."

Wagombea wa Ibra walikuwa kadhaa, lakini waliozungumzwa sana walikuwa wawili. Amur alikuwa mfanyabiashara, mtu wa watu, mwenye kucheka kwa sauti. Majid alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache. Bi Wadha aliuliza habari zao kila mahali. Aliuliza sokoni, aliuliza hospitali, aliuliza hata kwenye kilio, mpaka Nada akamfinya. Hakutaka kujua watu hao ni watoto wa nani. Aliuliza: wakati watu walipokuwa na shida, huyu alifanya nini? Na yule alifanya nini? Majibu aliyoyapata aliyaweka moyoni.

Siku ya kura ilikuwa Jumamosi, mwanzo wa Oktoba. Bi Wadha aliamka kabla ya adhana. Alivaa nguo yake ya hariri, akajifukiza udi, akamwamsha kila mtu. Walifika kituoni wakati mlinzi bado anafungua lango.

Kituo cha wanawake kilikuwa katika skuli ya wasichana. Bi Wadha alionyesha kadi yake. Msimamizi, msichana mpole, akalitafuta jina lake katika orodha, akaliona, akampa karatasi.

Bi Wadha aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Mwanangu, picha iko wapi? Zamani kila upande ulikuwa na picha yake."

"Huku hakuna vyama, mama. Ni majina ya watu. Nikusomee?"

"Ngoja kwanza nijaribu."

Aliingia nyuma ya pazia. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza, upande wa kulia, kama anavyosoma msahafu. Akasoma. Akashuka la pili, akasoma. Alisoma yote mpaka la mwisho ili awe na hakika, kisha akarudi juu kwa lile alilolitaka. Akatia alama.

Alikaa kidogo nyuma ya pazia bila ya sababu. Hakuna aliyemwambia atoke. Hakuna aliyefunga mlango. Nje alisikia wanawake wanazungumza na mtoto mmoja analia, basi. Bi Wadha alifurahi furaha ambayo hakuwa ameitazamia. Alitoka, akaitumbukiza karatasi kisandukuni, na hapo hapo akapiga kigelegele.

"Mama, mama, tafadhali!" alisema msimamizi.

"Samahani, mwanangu. Kimetoka chenyewe."

Lakini wanawake waliokuwa kwenye foleni walikwisha kukipokea, na skuli nzima ikarindima. Yaqeen alipiga kura yake ya kwanza katika kelele hizo. Nada naye alipiga, akatoka anatabasamu peke yake.

Nje, Khalaf alikuwa anawangoja kivulini. "Enhe, Mama. Umempa Amur?"

"Nimempa niliyempa."

"Nada?"

Nada alimjibu kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao. "Siri," alisema.

Khalaf alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuuliza tena, na Yaqeen hakuulizwa kabisa.

Kura zilipohesabiwa, Amur alishinda. Majid alikuwa wa pili, na hakuachwa mbali. Habari ziliponadiwa, Bi Wadha alikuwa anachambua mchele. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaendelea kuchambua. Kisha akaenda dirishani na kutazama barabara. Watu walikuwa wanapita kama kawaida, wala hapakuwa na fujo. Mtu wa duka la jirani alikuwa anamwaga maji mbele ya duka lake. Majid mwenyewe, walisema majirani, alikuwa wa kwanza kwenda kwa Amur kumpa mkono. Bi Wadha aliuvuta ushungi wake akarudi kwenye mchele. "Alhamdulillahi," alisema. Yaqeen alidhani bibi yake anafurahi kwa sababu Amur kashinda.

Siku ya pili Khalaf alisema, "Mama, nakwenda kumpongeza Amur. Utakuja?"

"Nitakuja. Wala sikukusudia kukosa."

Nyumba ya Amur ilijaa watu, halua na kahawa. Wageni walikuwa wanaingia na kutoka. Amur alipomwona Bi Wadha mlangoni alisimama, akamwendea mwenyewe na kumbusu kichwani, kama inavyofanywa kwa wakubwa.

"Karibu, Mama, karibu sana. Ahsante kwa kura yako. Khalaf kaniambia nyumba yenu nzima mlinipa mimi."

"Khalaf hajui," alisema Bi Wadha. "Kura yangu sikumwambia mtu, na hakuna wa kunilazimisha niseme. Lakini wewe nitakwambia kwa hiari yangu. Sikukupa wewe, mwanangu. Nilimpa Majid."

Watu waliokuwa karibu waligeuka kumtazama. Kisha wakageuka na wa mbali. Khalaf alikuwa na kikombe cha kahawa mdomoni, na hakukishusha.

"Nilikutazama wewe, nikamtazama na yeye, nikaona yeye zaidi," aliendelea Bi Wadha, kwa upole kabisa. "Wenzangu wengi wakaona wewe. Basi umeshinda, na mimi nimeshindwa, na nimelala usingizi mzuri. Mjumbe wa Ibra sasa ni wewe. Na mimi ni mtu wa Ibra. Kwa hiyo mjumbe wangu ni wewe, nimekupa au sikukupa. Au sivyo?"

Amur alimtazama yule mwanamke mfupi aliyevaa hariri na kunukia udi. Kisha akacheka kile kicheko chake kikubwa, akasogeza mto, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Ndivyo, Mama. Wallah ndivyo. Mimi ni mjumbe wako. Kaa, nitumikishe."

Amur akaomba kalamu na karatasi. Bi Wadha akakaa, akarekebisha ushungi wake, akaanza na jambo la kwanza, la daktari mwanamke ambaye hapatikani jioni hospitalini. Alikuwa na mambo saba.